Baseball-Reference na wezi wa besi wa 2023: namba ni safi, ila orodha yenyewe usiiamini kichwa kichwa

Kwa anayetaka kujua nani aliiba besi nyingi (yaani alikimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa) kwenye MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, mwaka 2023, tovuti ya takwimu ya Baseball-Reference inatoa jibu bure na kwa haraka. Fungua msimu wa 2023, ingia jedwali la wapigaji, kisha bonyeza SB (besi zilizoibwa) juu ya safu yake. Anatokea Ronald Acuña Jr. wa Atlanta na besi 73, Esteury Ruiz wa Oakland 67, Corbin Carroll wa Arizona 54, Bobby Witt Jr. wa Kansas City 49, CJ Abrams wa Washington 47.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapopotea. Safu ya CS, yaani mara ambazo mkimbiaji alinaswa akijaribu kuiba, ipo jirani tu: Acuña 14, Ruiz 13, Carroll 5, Witt 15, Abrams 4. Besi iliyoibwa huongeza takriban alama 0.2 kwa timu. Kunaswa hugharimu takriban 0.4, kwa sababu unampoteza mkimbiaji, na juu yake timu inahesabiwa auti, moja ya tatu zinazomaliza zamu yake ya kupiga. Zidisha, toa. Acuña anabaki na 9.0, Carroll 8.8, Ruiz 8.2, Abrams 7.8, Witt 3.8. Abrams aliiba besi 20 pungufu ya Ruiz, lakini faida yao inakaribia kulingana. Witt ndiye anayeumbuka.

CS nayo ina tundu. Mkimbiaji akinaswa akirudi besi yake kwa kurushiwa mpira na mrushaji, auti hiyo haiingii CS. Itafute kwenye safu ya PO (kunaswa kwa namna hiyo) katika jedwali la ukimbiaji, ndani ya ukurasa wa mchezaji mwenyewe. Humo pia wizi wa besi ya pili na wa besi ya tatu umetenganishwa.

Ukipakua jedwali kwa CSV, angalia waliohama timu katikati ya msimu: wana mstari wa kila timu na mwingine wa jumla. Ukijumlisha yote, umewahesabu mara mbili. Na kwenye simu ilaze simu, jedwali ni pana mno.

Kulinganisha misimu kunahitaji tahadhari zaidi, maana jedwali halisimulii sheria. Mwaka 2023 besi zilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, umbali wa besi ya kwanza hadi ya pili ukapungua inchi 4.5. Mrushaji naye akabaki na ruhusa ya kujitoa (kuacha kumrushia mpigaji, au kurusha mpira besini kumnasa mkimbiaji) mara mbili tu kwa kila mpigaji. Akijitoa mara ya tatu asimnase mkimbiaji, mkimbiaji anapewa besi ya bure. Wizi ukapanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Ukirudi nyuma sana, National League (moja ya ligi mbili zinazounda MLB) ya 1926 hadi 1950 haina CS: nafasi tupu si sifuri. Rickey Henderson, mwaka 1982, aliiba 130 na kunaswa 42. Kwa kipimo kile kile anapata 9.2, karibu sawa na Acuña aliyeiba 73.

Stathead, huduma ya kulipia ya Baseball-Reference, inafaa kama unachuja misimu mingi kwa pamoja, mfano kila aliyeiba 40 na kunaswa chini ya mara 6. Kwa msimu mmoja, usilipe.