"Mkono wako ndio shida": saa niliyonunua Kariakoo

Nianze na maneno yenyewe, maana ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika: "Kaka, saa haina shida. Mkono wako ndio shida. Hebu cheki upande ule wa akina dada."

Kijana wa dukani aliyasema hayo bila kuyatoa macho kwenye simu, mbele ya wateja wasiopungua wanne. Mmoja alikuwa mama mtu mzima, akageuka kuutazama mkono wangu kama anayechagua kuku sokoni na kumwona mwepesi. Duka silitaji. Waijuao Kariakoo wanajua yako mengi ya namna ile: taa nyeupe kali, kaunta ya kioo, kila saa imevishwa nailoni.

Ilivyoanza ni hivi. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa imekaribia, wiki moja au mbili hivi, nikataka saa ya heshima. Miaka yote nimevaa Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki ambayo nusu ya darasa letu la sekondari walikuwa nayo, na hakuna aliyewahi kuniambia nina mkono mdogo. Pale dukani nikaiona moja ya cheni, uso wa bluu, inawaka. Nikaomba niijaribu.

"Ukitoa nailoni umenunua, bosi wangu."

Nikauliza ukubwa. "Arobaini na nne. Ndiyo saizi ya wanaume hiyo." Nami, mtu mzima mwenye akili zangu, nikaona hayo ni maelezo ya kutosha. Nikalipa laki moja na sitini kwa lipa namba. Akaniambia nimependeza kabla hata sijaivaa.

Kisha akapunguza cheni. Alitoa vipande vinne, vyote upande mmoja! Kifungio kikahama, badala ya kukaa katikati chini ya mkono kikaegemea ubavuni, kinakwaruza meza kila nikiandika. Nilipomuuliza akasema itazoea. Sijui ni saa itakayozoea au ni mimi.

Siku ya harusi nikanyoosha mkono kumsalimia mjomba. Shikamoo mjomba. "Marahaba. Hiyo ya ukutani umeibandua wapi?" Meza nzima ikaangua kicheko, bibi harusi naye kicheko. Hapo bado nilijipa moyo kwamba ni utani wa mjomba. Kilichonimaliza ni Ijumaa iliyofuata msikitini. Kila nikisujudu, kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa kinanididimia nyuma ya kiganja. Rakaa ya pili nilikuwa nikiwaza kitufe tu, Mungu anisamehe. Nilipotoka nilikuwa na alama nyekundu ya duara, na vijino vyake vyote vikihesabika.

Nyumbani nikachukua uzi, nikauzungusha mkononi, nikaulaza kwenye rula: sentimita 16. Nikapima na lile bapa la juu ambapo saa inakaa: sentimita 5, labda na chembe. Halafu nikaipima saa. Sikupima duara, nilipima kutoka ncha za masikio ya juu yanakoshikilia cheni hadi ncha za masikio ya chini: milimita 53. Basi kumbe ilikuwa ikining'inia hewani pande zote mbili, kama ubao wa kufulia uliowekwa juu ya ndoo. Hata cheni ibanwe vipi, itateleza tu.

Na hili ndilo linaloniudhi kupita yote, kwamba muuza saa hajui, au anajua na hasemi. Jirani yangu ana mkono mwembamba kama wangu na anavaa Seiko ya kuzamia, SKX007, ambayo upana wake ni milimita 42 na nusu. Kwa hesabu za yule kijana hiyo nayo ingenishinda. Nimeijaribu, imenikaa kama niliagiza. Masikio yake ni mafupi, toka ncha hadi ncha kama milimita 46, na kitufe kimewekwa kwenye namba 4, kwa hiyo hakichomi mkono ukikunjika. Tena Seiko 5 ya marehemu baba haifiki milimita 37, na baba alikuwa fundi seremala, mikono yake hakuna aliyethubutu kuiita ya akina dada. Hiyo "saizi ya wanaume" imezaliwa lini?

Nikairudisha. Ndipo nikaambiwa maneno yale niliyoanza nayo, kisha akanigeuzia risiti na kidole kikatua chini kabisa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikaomba basi anibadilishie hata nyingine, niongeze hela. Akaendelea na simu yake.

Sasa niseme kweli, maana hasira haina macho. Saa yenyewe sio mbaya. Muda haijapoteza, kioo hakina mkwaruzo, na mvua ya siku ile ya mafuriko ya Jangwani niliivaa nayo haikuingiza hata unyevu. Na kosa langu nalijua: nilinunua kwa macho, nikaogopa nailoni. Nilitaka kutoa nyota mbili, hata tatu. Halafu namkumbuka yule mama alivyonitazama, narudi kwenye moja.

Aliyenisaidia ni fundi saa mmoja mzee, anakaa chini ya ngazi na kimeza chake na lenzi jichoni. Aliirudisha cheni yote, akapunguza upya, viwili huku viwili huku, kifungio kikarudi katikati. Akaiweka saa kifudifudi juu ya kioo cha meza, akaniambia niiname nitazame ubavuni. "Unaona, mwanangu? Masikio yamenyooka kama fito. Yangekuwa yameinama yangeushika mkono, hata saa ingekuwa kubwa kuliko hii." Akanitoza elfu tatu. Hakunicheka, wala mkono wangu hakuutaja. Duka lenye taa kali lilinichukulia laki na sitini na kwa dakika tano hizo za elfu tatu nilijua zaidi. Nyota zake nampa zote, ila hana mahali pa kuwekewa.

Saa nilimpa shemeji yangu, mkono wake ni kama mti wa mnazi. Alinirudishia laki moja, hasara yangu sitini. Jumapili alipita nyumbani, akaketi akaweka mkono juu ya meza, na ile saa imetulia pale, bluu inawaka, masikio yamelala kwenye nyama bila upenyo hata wa karatasi. Anasema watu wanamsimamisha barabarani kumuuliza kainunua wapi, na yeye anawaelekeza duka. Nikachungulia muda: saa kumi na dakika ishirini, sawasawa na simu yangu. Iliniuma.