Padi Yenye Kihisi cha Mwendo: Ipi Ununue, Ipi Uipite

Boksi lilisema padi ya kuchezea gemu ina kihisi cha mwendo cha mihimili 6, yaani kinapima mwendo kwa njia sita. Nikaichomeka kwenye kompyuta, nikafungua gemu, nikaiinamisha kushoto, kulia, juu, chini. Wapi! Nilidhani ni mbovu, kumbe nzima kabisa. Kihisi kilikuwemo na kilikuwa kinafanya kazi, ila habari zake hazikuwa zinafika kwenye kompyuta.

Hapo ndipo wanunuzi wengi tunapoumia. Padi nyingi zikichomekwa kwenye kompyuta hujitambulisha kama padi ya Xbox, kwa itifaki iitwayo XInput. Itifaki hiyo inabeba vitufe, vijiti viwili na triga mbili (vile vitufe vya kuvutwa kwa kidole cha shahada), basi. Mwendo haukutengewa nafasi. Kihisi kiwe kizuri namna gani, taarifa zake zinaishia ndani ya plastiki. Kwa hiyo sitazungumzia rangi wala mtetemo. Swali langu ni moja: je, mwendo unafika?

Nalishikilia swali hilo kwa sababu mwendo una faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanakumbuka Wii, mashine ya gemu ya Nintendo ya 2006, na kupunga mikono sebuleni. Rimoti ile ilitoka na akselerometa (kihisi cha mchapuko na mwinamo) bila jairoskopu (kihisi cha mzunguko). Jairoskopu ililetwa na kifaa cha nyongeza, MotionPlus, mwaka 2009. Faida ya leo iko kwenye kulenga. Kijiti hupokea kasi: unakisukuma, kamera inageuka hadi ukiachie, na mara nyingi unaipitiliza shabaha, unarudi, unaipitiliza tena. Jairoskopu inafuata mkono wenyewe. Ukigeuza kidogo, inasogea kidogo. Kijiti kikufikishe karibu na adui, kifundo cha mkono kimalizie. Wachezaji wa Splatoon, gemu ya kufyatuliana rangi ya Nintendo, wanalenga hivyo tangu 2015, na Fortnite, gemu nyingine ya kufyatuliana, iliuleta ulengaji huo kwenye kompyuta mwaka 2022. Ukishauzoea, kulenga kwa kijiti pekee kunakuwa kama kuandika ukiwa umevaa glavu.

Ya kwanza kwangu ni DualSense, padi ya PlayStation 5 ya Sony. Naipenda Sony na sifichi. Tangu DualShock 4 ya 2013, ile ya PlayStation 4, padi zake zina jairoskopu ya mihimili 3 na akselerometa ya mihimili 3, na Steam, programu ya kununulia na kuchezea gemu kwenye kompyuta, inazitambua kwa jina lake, mwendo ukiwemo. Hakuna swichi ya kubadilisha. Betri yake haidumu sana. Mimi nacheza na waya.

Ya pili ni hiyo hiyo DualShock 4, mradi uwe na hakika ni halisi.

Ya tatu ni Pro Controller ya Nintendo Switch. Mwendo wake ni mzuri, na Nintendo inataja saa 40 hivi kwa chaji moja. Kasoro ni triga: ama imebonyezwa ama haikubonyezwa. Kwa gemu za magari utakosa kukanyaga mafuta kidogo kidogo.

Ya nne ni 8BitDo Pro 2. Ina swichi ya hali nyuma yake, ya kuchagua ijitambulishe kama padi gani. Ukiiweka X (XInput) mwendo unapotea; ukiiweka S (Switch) unarudi, lakini sasa triga nazo zinakuwa kama za Nintendo.

Padi ya Xbox inakaa vizuri mkononi, lakini kuanzia ile ya 360 hadi ya Series hakuna iliyowekewa jairoskopu. Ipite. Za bei rahisi zisizo na jina, nunua tu ukiruhusiwa kuijaribu kwanza.

Kinachoniuma ni wauzaji. Nilimuuliza wangu waziwazi kama mwendo unafanya kazi kwenye kompyuta, akajibu "inafanya kazi na kompyuta". Nilipoirudisha akakataa, eti si mbovu. Kuandika "mihimili 6" kwa herufi kubwa na kunyamaza kuhusu hali ni kumficha mnunuzi jambo analolilipia. Na bei za matoleo ya "kitaalamu" nazo! Hata Sony yangu: DualSense Edge ni ghali zaidi ya maradufu ya ile ya kawaida, betri yake ni ndogo zaidi, na unacholipia ni vitufe vya nyuma na vijiti vya kubadilisha.

Siku ya kwanza, iweke padi mezani bila kuigusa, fungua mipangilio ya Steam uangalie mwendo. Kama picha inateleza yenyewe, isawazishe upya ikiwa imetulia. Ikiendelea kuteleza, irudishe kabla muda wa kurudisha haujaisha, na hadi hapo boksi usilitupe.