Haidroksiyurea: uchambuzi wa kapsuli inayoamsha jeni iliyozimwa

Habari zenu watazamaji, karibuni. Wazazi wenzangu wenye watoto wa selimundu, au sikoseli kama tunavyosema mtaani, mmeniomba muda mrefu nichambue dawa anayotumia binti yangu. Hii hapa. Nasogeza kwenye kamera muione vizuri: kapsuli ya rangi mbili, kijani na waridi, miligramu 500. Inaitwa haidroksiyurea. Binti yangu anaitumia kila siku, na huu ni mwaka wa tano.

Bei sitaigusa leo. Nataka muelewe inafanya nini mwilini, maana mzazi akishalielewa hilo hairuki hata siku moja.

Selimundu inatokana na herufi moja tu iliyobadilika kwenye jeni ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, katika kromosomu ya 11. Kwa sababu ya herufi hiyo, himoglobini zikiishiwa oksijeni zinashikana, chembe nyekundu inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia mifupa usiku kucha. Mnaoishi nayo mnajua.

Sasa jiulizeni: mbona mtoto mwenye selimundu anazaliwa buheri wa afya? Wangu miezi ya mwanzo hakuwa na shida yoyote. Vidole vilianza kuvimba ana miezi minane. Daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliliona jambo hili na kuliandika mwaka 1948: damu ya kichanga imejaa himoglobini ya aina nyingine, ile ya tumboni mwa mama, nayo haishikani. Sote tulizaliwa nayo. Baada ya hapo inapungua mwezi hadi mwezi, na mtu mzima anabaki nayo kama asilimia 1 tu.

Imekwenda wapi? Haikwenda popote, ndugu zangu! Jeni zake zipo palepale, nzima, hazina ile herufi mbovu. Zimezimwa tu.

Siku daktari aliponieleza hivyo nilikaa kimya kwenye kile kiti. Kwamba mwanangu ana dawa yake mwenyewe ndani ya damu yake, ila imefungiwa.

Ngoja niwaeleze inavyofungwa. Karibu kila seli ina DNA, yaani uzi ulioandikwa jeni zetu, wa urefu wa kama mita 2, na ndani yake jeni za kutengeneza protini kama 20,000. Seli ya ini na seli ya jicho zina maandishi yaleyale. Kinachozitofautisha ni kipi kinasomwa na kipi kimefungwa. Mama yangu ni fundi cherehani, kwa hiyo mimi huwa naona bobini. Uzi wa DNA umezungushwa kwenye bobini ndogondogo za protini. Ukikazwa sana, mashine ya kunakili jeni haipati pa kupita. Ukilegezwa, jeni inasomwa. Halafu kuna protini nyingine ambazo kazi yake ni kutua mahali maalumu kwenye uzi huo na kuamua: hapa fungua, hapa funga.

Kwenye ile kromosomu ya 11, jeni hizi za himoglobini zimepanga foleni kwa mfuatano uleule tunaozitumia maishani: ya mimba changa kwanza, zinafuata mbili za tumboni, na mwishoni ile ya ukubwani, ambayo kwa watoto wetu ndiyo yenye hitilafu. Kando ya foleni kuna kipande cha DNA ambacho ni swichi kuu. DNA inajikunja, swichi inaigusa jeni, jeni inawaka kwa nguvu. Mtoto akishazaliwa, protini inayoitwa BCL11A inazifunga zile mbili za tumboni, na swichi inahamia kwa ya ukubwani. Kina Vijay Sankaran na Stuart Orkin wa Boston ndio walioonyesha kazi ya protini hiyo mwaka 2008. Wapo watu ambao kufuli lao halikazi sana: wagonjwa wengi wa selimundu wa mashariki ya Saudi Arabia wanakua na himoglobini nyingi ya tumboni, na ugonjwa wao huwa mwepesi zaidi.

Haya, turudi kwenye kapsuli. Haidroksiyurea inapunguza kasi ya seli kutengeneza DNA mpya. Uboho wa mifupa, ambako damu inatengenezwa, unajikuta umebanwa, unaanza kuharakisha kutoa chembe nyekundu, na katika haraka hiyo zile jeni za tumboni zinasomwa tena.

Inafanya kazi kwa watoto wa huku kwetu? Ndiyo, na imepimwa. Utafiti uitwao REACH ulifuatilia watoto 606 waliotumia dawa hii Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na Kenya. Kwa Kenya ilikuwa Kilifi, kwa Uganda ni Mbale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa nusu, na vifo vikashuka chini ya theluthi moja ya vilivyokuwa kabla. Wengi walikuwa wanahofia dawa hii ingewaongezea watoto malaria, na haikuwa hivyo.

Kwa binti yangu nina karatasi zake hapa. Hii ya kabla ya kuanza: himoglobini ya tumboni asilimia 6, wingi wa damu 7.1. Hii ya mwaka mmoja baadaye: asilimia 19, damu 8.8. Na tazameni huu mstari nilioupigia kalamu nyekundu, MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Ulikuwa 78, ukafika 101. Dawa ikifanya kazi, chembe zinakuwa kubwa. Kuna kipindi ulishuka, na daktari akaniuliza kabla sijafungua mdomo: “Mama, dawa mmekuwa mkiruka?” Tulikuwa tumeruka. Nilisafiri msibani wiki tatu, niliowaachia mtoto wakasahau.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni kwamba kapsuli hii ya 500 haikutengenezwa kwa ajili ya mtoto mdogo. Dozi inafuata uzito. Alipoanza alikuwa na kilo 15, daktari akamwandikia miligramu 300. Utaikataje kapsuli? Nilifundishwa kuifungua, kuikoroga kwenye maji mililita 10, kisha kuvuta mililita 6 kwa bomba la sindano na kumwaga yaliyobaki. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka mitatu. Ni kazi, na ukikosea kidogo dozi imeharibika. Vipo vidonge vya miligramu 100 vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto, lakini mimi kila nilipouliza dukani sikuvipata. Hili linaniumiza, kwa sababu anayehitaji kuanza mapema ndiye huyohuyo mdogo.

Pia inaweza kushusha chembe nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwa hiyo kipimo cha damu nzima ni lazima kwa ratiba ya daktari wako. Usiinunue ukaanza mwenyewe kwa sababu umeniona mimi. Poda yake usiishike kwa mikono mitupu, na mjamzito asiiguse kabisa.

Najua mtaniuliza kuhusu Casgevy, ile tiba mpya ya kuhariri jeni. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023, Marekani wakafuata Desemba. Yenyewe inamfuata mwenye kufuli. Wanachukua seli mama za damu za mgonjwa, wanakata mahali padogo sana: swichi nyingine, inayowasha BCL11A kwenye seli za damu nyekundu peke yake. BCL11A ikipungua, jeni za tumboni zinafunguka, na seli zinarudishwa mwilini. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa mwaka mzima bila maumivu makali. Nikisoma habari hiyo nafurahi kweli. Lakini iliidhinishwa kwa wa kuanzia miaka 12, inahitaji kwanza dawa kali ya kusafisha uboho, na Marekani bei yake ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2. Siwezi kuilinganisha na kitu ninachonunua duka la dawa na mwanangu anakimeza nyumbani.

Kwa hiyo mimi naipa kapsuli hii alama 8 kwa 10. Mbili nimezikata kwa ajili ya lile bomba la sindano na yale maji ninayomwaga. Kama mtoto wako ana selimundu na hujawahi kusikia jina hili kliniki, kesho liandike kwenye karatasi umuulize daktari.

Saa mbili usiku hiyo, ni muda wake. Sasa amefika kilo 26, anameza nzima. Mwanangu, njoo na maji yako.