Rangi ya kijani ya paa isiyoshika joto: tathmini baada ya miezi mitano

Nilipoinunua rangi hii mwezi wa Januari, katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Nairobi, nilidhani sifa zake ni maneno ya muuzaji tu, kwani kila aishiye chini ya mabati anajua kwamba rangi iliyokoza hushika joto. Kumbe takriban nusu ya nishati ya jua hutufikia kwa miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Rangi hii hufyonza sehemu ya mwanga unaoonekana, ndipo ikawa kijani, lakini miale ile mingine huirudisha angani kwa wingi. Nyeupe ingepoza zaidi, ila mama mwenye nyumba hataki hata kuisikia.

Saa nane mchana, mwezi wa Februari, niliweka kiganja juu ya paa letu nikahesabu hadi kumi; kwenye paa la jirani, la kijani vilevile, sikufika tatu. Chumbani nafuu ni ndogo kuliko nilivyotarajia.

Masika yaliponyesha, matone yalijiviringa kama juu ya jani la nduma, yakateremka na vumbi lote, isipokuwa karibu na bomba la moshi wa jiko, ambako masizi yamegandamana na sharti yasuguliwe kwa sabuni. Bei ilikaribia mara mbili ya rangi ya kawaida. Tena fundi wangu aliruka koti la msingi, na sasa rangi inabambuka kuzunguka misumari.