Ovaroli nyeupe za kujikinga wadi ya korona: nyota 2 kati ya 5

Mimi ni nesi, hizi ovaroli nimezivaa miezi kadhaa 2021 so naongea kitu nakijua. Kitambaa kiko poa, maji hayapenyi, zipu haikwami, hapo sina neno. Shida ni saizi. Boksi zima la msaada lilikuja XL na XXL na mimi ni mfupi, mguu unaburuza chini mpaka nikawa naufunga na plasta kwa kifundo, kofia inashuka machoni nikiinama kutafuta mshipa wa mgonjwa, barakoa nayo inaacha nafasi kando ya pua, sasa hapo umejikinga na nini jamani?? Halafu zipu ni moja tu ya mbele, kwenda choo lazima uvue yote na ukishavua ni ya kutupa, kwa hivyo tulikuwa hatunywi maji toka asubuhi, na siku za hedhi unakaa na pedi ile ile masaa sita jasho likitiririka. Niliumia sana.

WHO walisema tangu 2019 kwamba wanawake ni karibu asilimia 70 ya wahudumu wa afya duniani. Uswidi ilianza sera ya nje ya kifeministi (yaani mambo ya nje yaangalie haki na mahitaji ya wanawake) 2014 ikaiacha 2022, Kanada nao 2017 wakaja na ya kifeministi ya misaada. Mimi naomba sera kama hizo zishuke mpaka kwa oda ya boksi, kabla msaada haujatumwa muulizeni nesi atakayevaa. Mkileta S na M za kutosha narudi kuongeza nyota.