Maneno 1,200 na Kitufe Kimoja cha Sauti: Tathmini ya Programu ya Msamiati kwa Watu Wazima

Kwa majuma 10 nimeitumia programu ya simu iliyoandaliwa kuwafundisha msamiati watu wazima wasiosoma kwa urahisi, nikiwa pamoja na wanakisomo 6 ninaowafundisha kwa kujitolea. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia katika programu nyingine za aina hii, na ningependa msomaji azichunguze hata katika ile atakayoichagua mwenyewe. Maelezo yake yanaahidi kwamba atakayemaliza maneno yote 1,200 ataweza kuelewa maandishi yoyote ya kila siku. Ahadi hiyo haitimizwi, ingawa ndani yake mna jambo moja lililotengenezwa vizuri kuliko nilivyotarajia.

Jambo hilo ni sauti. Kila neno linapotokea kwenye kioo huwa na kitufe pembeni, na mwanafunzi akikibonyeza hulisikia likitamkwa mara mbili, kwanza silabi kwa silabi, kisha kwa mwendo wa kawaida wa mazungumzo, huku herufi zinazotamkwa zikibadilika rangi. Anayemfundisha mtu mzima lazima akumbuke kwamba mwanafunzi huyo ameishi na lugha yake kwa miongo kadhaa. Neno “mdhamini” amelisikia na kulitumia, pengine yeye mwenyewe amewahi kumdhamini mtu; ambacho hajawahi kukutana nacho ni sura ya neno hilo kwenye karatasi. Mwanakisomo wangu mmoja alilikodolea macho kwa muda, akabonyeza kitufe, kisha akacheka: “Kumbe ndilo hili!” Hapo hakujifunza neno jipya. Aliunganisha vitu viwili ambavyo kichwani mwake vilikaa mbalimbali.

Kuna sababu nyingine ya kukithamini kitufe hicho. Mwaka 1997 watafiti Greenberg, Ehri na Perin waliwalinganisha watu wazima waliokuwa katika madarasa ya kisomo na watoto wenye kiwango kilekile cha kusoma, wakaona kwamba watu wazima walikuwa dhaifu zaidi katika kuchambua sauti za maneno, lakini hodari zaidi katika kuzikumbuka sura za maneno waliyokwisha kuyaona. Mtu wa namna hiyo hulikisia neno kwa umbo lake, na maneno mawili yanayofanana humpotosha kwa urahisi. Kumrudisha kwenye sauti, silabi baada ya silabi, bila ya mtu mwingine kusikiliza na kumhukumu, ni msaada wa kweli.

Mengine mazuri nitayapitia kwa haraka. Programu haihitaji intaneti baada ya kupakuliwa, herufi zake zinaweza kukuzwa, na neno lililokosewa hurudi baada ya siku chache badala ya kurudiwa papo hapo mara kumi. Michoro, kwa upande wake, ni ya kitoto: dubu wa kuchezea, maputo, jua lenye macho na tabasamu. Mzee mmoja aliuliza kwa upole iwapo nimechukua simu ya mjukuu wangu.

Michoro hiyo ina dosari iliyo kubwa kuliko aibu. Programu inafundisha kila neno kwa picha moja, na picha moja haitoshi kwa maneno ambayo mtu mzima anayahitaji zaidi. Kwa “ndoo” na “ngazi” hakuna tatizo, lakini mtu mzima hakuja darasani kujifunza ndoo. Kwa “dhamana” wamechora kufuli, na wanakisomo wawili waliondoka wakiamini kwamba dhamana ni aina ya kufuli. “Riba” ni rundo la sarafu, picha ambayo ingefaa pia kwa mshahara, faida, akiba au deni. “Endapo”, “isipokuwa” na “licha ya” hayamo kabisa, bila shaka kwa sababu hayachoreki, ilhali hayo ndiyo maneno yanayoamua maana ya mkataba wa mkopo. Tena kila neno limepewa maana moja tu: “meza” ni ile ya mbao, basi. Mwanafunzi akikutana na karatasi ya dawa inayosema “Meza vidonge viwili”, programu haijamtayarisha, ingawa inamhesabia kwamba neno hilo amelimudu.

Kisha kuna kisanduku cha kutafutia maneno, ambacho kilinisikitisha kuliko yote. Mwanafunzi anapokwama katika maandishi mengine anaweza kuliandika neno na kupewa maana yake. Tuliandika “walipokopeshwa”; hakuna jibu. Tuliandika “nyuso”, “meno” na “nyimbo”. Hakuna jibu kwa lolote kati ya hayo, kwa sababu programu inayo “uso”, “jino” na “wimbo” peke yake. Yeyote aliyewahi kumfundisha mtu kutumia kamusi ya Kiswahili anajua kwamba kazi ngumu ni kujua pa kuanzia: kuvua viambishi mpaka mzizi ubaki. Hata hivyo hakuna somo hata moja linaloonyesha kwamba “msomaji”, “somo”, “usomaji”, “someka” na “somesha” ni ukoo mmoja, wala kwamba anayeijua “-kopa” ana ufunguo wa kopesha, mkopo, mkopaji na mkopeshaji. Kadi 1,200 zimepangwa kama mawe 1,200 yasiyojuana. Saa chache za kuonyesha jinsi maneno yanavyozaana zingempa mwanafunzi maneno mengi kuliko mwezi mzima wa kadi.

Kila sehemu humalizikia kwa kifungu kifupi chenye maswali, na hapa ndipo programu inapodai kupima ufahamu. Wanakisomo wangu walipata alama za juu karibu kila mara, nikaanza kushuku. Nikawaandikia sentensi isiyo na maana yoyote: “Vitupori vitatu vilinyondeka penye mgwazo.” Nikauliza: vitupori vilinyondeka wapi? Wote 6 walijibu, “Penye mgwazo.” Vilikuwa vingapi? “Vitatu.” Alama zote, ufahamu hakuna. Upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili, pamoja na neno la kuulizia, humwongoza mtu hadi kwenye jibu hata kama hajui kinachozungumzwa, na maswali ya programu karibu yote ni ya namna hiyo.

Tatizo hili lina uzito wa pekee kwetu, kwa kuwa maandishi ya Kiswahili huandikwa yanavyotamkwa. Aliyezishika silabi anaweza kukisoma kifungu chochote kwa sauti, kwa ufasaha unaomdanganya mwalimu na wakati mwingine msomaji mwenyewe. Watafiti Gough na Tunmer walipendekeza mwaka 1986 kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la uwezo wa kuyatambua maneno ukizidishwa kwa uwezo wa kuielewa lugha. Walichagua kuzidisha badala ya kujumlisha, kwa maana kwamba upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri hata upande wa pili uwe mkubwa kiasi gani. Programu hii inaupima upande wa kwanza na kuuita jina la wa pili. Ingekuwa rahisi kurekebisha. Katika uchunguzi wa stadi za watu wazima wa OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, ambao matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 2013, wasomaji wa viwango vya chini walipewa pia sentensi fupi ili waseme kama zina mantiki au hazina. Swali kama hilo halijibiki kwa kunakili.

Limebaki suala la ubao wa alama, unaomtangazia mwanafunzi kila jioni idadi ya maneno aliyonayo. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000, uliofanywa kwa wasomaji wa Kiingereza kama lugha ya pili, ulionyesha kwamba wengi hukielewa kifungu bila msaada pale tu wanapojua takriban asilimia 98 ya maneno yake. Hata tukikichukua kiwango hicho kama mwongozo tu, tangazo la maneno 200 linavumilia maneno 4 yasiyojulikana, nayo katika mkataba yanaweza kuwa hasa “riba”, “dhamana”, “endapo” na “isipokuwa”. Mwanakisomo aliyefikisha maneno 900 kwenye ubao wake aliniletea karatasi ya mkopo, akaisoma yote kwa sauti bila kukwama, kisha akauliza kama imemkubalia au imemkatalia.

Niliwaandikia watengenezaji nikiwaeleza habari ya kisanduku, maswali na maneno yanayounganisha sentensi. Walijibu kwa adabu, baada ya siku mbili tu, kwamba toleo lijalo litakuwa na maneno 500 zaidi, yote yenye picha.