Matembezi ya historia Blantyre: "wapagazi tu"

Sijui nimpe nyota ngapi yule bwana aliyetuongoza, maana hasira haijaniisha.

Tulilipia matembezi ya historia ya mji wa Blantyre, Scotland, pamoja na vijiji vya jirani. Mwanzo alinifurahisha, simnyimi haki yake. Pale Shuttle Row, alipozaliwa David Livingstone mwaka 1813, alisimulia mpaka nikauona mji: familia 24 jengo moja, kila familia chumba kimoja, na mtoto wa miaka 10 anaingia kiwanda cha pamba saa 12 asubuhi, anatoka saa 2 usiku. Hapo nilikuwa nampa nyota nne.

Tukafika kwenye kifo cha Livingstone. Alifariki 1873, akazikwa Westminster Abbey 1874, basi, twendeni mbele. Mimi nimekulia Bagamoyo. Nikamuuliza kwa adabu kabisa: nani aliyeufikisha mwili wake pwani? Akatazama saa yake. "Wapagazi tu. Hayo ni mambo ya Afrika, hapa tunazungumzia Blantyre." Na baadhi ya wenzangu wakacheka!

Wapagazi tu? Abdullah Susi, James Chuma na wenzao ndio waliouzika moyo wake chini ya mti kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo. Wengine walifia njiani. Susi na Chuma mazishi hayakuwangoja. Walifika Uingereza baadaye, wakasaidia kuziandaa shajara zake za mwisho zichapwe. Hao ni watu wa historia ya Blantyre, jamani, atake asitake.

Na High Blantyre tuliyoahidiwa? "Muda umekwisha." Huko ndiko mgodi wa makaa ya mawe ulikolipuka tarehe 22 Oktoba 1877 ukaua wanaume na watoto 207, ajali mbaya kuliko zote za migodi Scotland. Haukupita mwaka, wajane 34 wakashtakiwa ili watoke kwenye nyumba za kampuni. Unalipwa kuusimulia mji, halafu hao huna muda nao?

Nilikuwa nimeandika nyota mbili, kwa ajili ya Shuttle Row. Hapana, naondoa moja. Mlio Glasgow, pandeni treni mpaka Blantyre mtembee wenyewe, na muanzie High Blantyre.